Goti Linauma, Tibu Paja

Mama mkubwa wangu anaishi Chamwino, na kwa miaka mitatu amekuwa akisema magoti yake "yameisha mafuta". Mwaka jana wakati wa kipupwe, upepo ukiwa mkali, nilimpeleka hospitali mjini Dodoma. Akapigwa picha, akaandikiwa dawa za maumivu, na tulipokuwa tunainuka daktari akaongeza: "Mama, na mazoezi ufanye." Hakusema mazoezi gani. Tulipofika stendi mama mkubwa akanigeukia: "Mwanangu, kule zahanati waliniambia nipumzishe miguu. Huyu naye anataka mazoezi. Mimi nimeshika jembe tangu sijaota meno ya pili. Mazoezi gani tena hayo?"

Siku ile sikuwa na jibu. Tangu hapo swali hilo nimelisikia kwa sauti nyingi: kwa wamama wanaouza mboga Sabasaba, kwa watumishi wa ofisi za serikali kule Mtumba wanaopanda ngazi wakijivuta kwa mkono, kwa kijana wa bodaboda anayechechemea akishuka kwenye pikipiki. Kwenye makundi ya WhatsApp ya familia majibu hayakosekani, na mengi yanapingana. Nimewauliza wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, nimesoma, na jioni nyingi nimekaa na mama mkubwa kwenye mkeka wake tukijaribu. Nimeridhika na jambo moja: goti likiuma kwa sababu ya kuchakaa, pa kuanzia ni misuli inayolishika, hasa ya paja.

Kwanza tukubaliane majina

Goti ni mahali mfupa wa paja unapokutana na mfupa wa muundi. Mbele yake kuna kifupa cha duara kinachocheza ukikisukuma kwa kidole mguu ukiwa umelegea. Hicho ni kilegesambwa, wengine hukiita pia ya goti. Ncha za mifupa zimevikwa gegedu. Ukila paja la kuku ukafika mwisho wa mfupa, pale peupe panapong'aa na kuteleza, panapotafunika kwa kelele, umelifikia gegedu. Kiungo chote kiko ndani ya mfuko, na utando wa ndani wa mfuko huo ndio unaotengeneza ule ute tunaouita mafuta ya goti. Halafu kuna misuli: kundi la misuli minne mbele ya paja, ambayo inaungana na kupita juu ya kilegesambwa kwenda kushika muundi, misuli ya nyuma ya paja, ya makalio, na ya shavu la mguu.

Kinachoitwa mtaani "kusagika kwa goti" hospitalini huandikwa osteoathritisi. Ni pale gegedu linapochakaa, mfupa chini yake unapobadilika, na kiungo kizima kinapokuwa kigumu na chenye maumivu. Umri unachangia, uzito unachangia, kuumia zamani kunachangia, na wanawake waliokoma hedhi hupata zaidi. Hii si baridi yabisi, ingawa watu wengi huita kila maumivu ya kiungo kwa jina hilo. Katika baridi yabisi kinga ya mwili inashambulia utando wa viungo, mara nyingi vidole vya mikono yote miwili, na asubuhi viungo vinakuwa vigumu kwa saa nzima au zaidi. Wala si jongo, linaloletwa na vijiwe vidogo vya asidi ya yuriki, ambalo hukuamsha usiku kidole gumba cha mguu kikiwaka moto. Hayo mawili yana dawa zake, na usiyatibu kwa makala hii.

Mlenda na mafuta ya goti

Hapa Dodoma imani ya mafuta ya goti imepata makao mazuri, kwa sababu tuna mlenda. Mlenda unavutika, ute wa goti nao unavutika, kwa hiyo mtu anakula mlenda akiamini unashuka hadi magotini. Asiye na mlenda anakunywa maji ya bamia yaliyolala usiku kucha, na mwenye hela anafuata supu ya makongoro alfajiri.

Kinachofika kwenye goti si kile ulichomeza. Ute wa mlenda ni nyuzinyuzi za mmea. Unaishia tumboni na kwenye utumbo, ambako unafanya kazi yake nzuri ya kulainisha choo. Makongoro nayo yanasagwa tumboni hadi vipande vidogo kabisa vya protini, na mwili ndio unaoamua uvipeleke wapi. Ute wa goti unatengenezwa palepale kwenye goti. Na kiasi chake ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: goti zima lenye afya lina ute usiojaza hata kijiko kimoja cha chai.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba goti lililochakaa mara nyingi halijakauka. Limejaa. Utando ukikereka unamwaga majimaji mengi kuliko kawaida, ndiyo maana goti linavimba na kukataa kukunjika. Majimaji hayo ni mepesi kuliko ute wa kawaida, hayalainishi vizuri, lakini yapo. Kwa hiyo anayehangaika kuongeza mafuta anahangaikia upungufu ambao haupo. Mlenda tuendelee kula, ni mboga njema. Tusiupe tu kazi isiyo yake.

Gegedu halina mishipa ya damu, na hili ndilo linalobadilisha mawazo kuhusu kupumzika. Linalishwa na ute kwa kubanwa na kuachiwa, kama sponji ya kuoshea vyombo: ukiibana inatoa maji machafu, ukiiachia inanyonya mapya. Hatua ya mguu ni kubana na kuachia. Mtu aliyeambiwa apumzishe miguu akakaa miezi sita kitini ameinyima sponji maji.

Maumivu yanavyouzima msuli

Kila aliyepanda bodaboda kwenye barabara ya mashimo anaijua shokapu. Ikiwa nzima, gurudumu linaingia shimoni na wewe unasikia kidogo. Ikifa, kila shimo linagonga mgongo wako. Misuli ya paja ndiyo shokapu ya goti. Unaposhuka ngazi au kutua kutoka kwenye daladala, misuli hiyo inarefuka polepole huku imekaza, na kunyonya kishindo ambacho kingetua kwenye gegedu na mfupa.

Goti likiuma au kuvimba, neva zake zinapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na jibu linalorudi ni kuupunguzia nguvu msuli wa paja. Mtu hakuamua, mwili umeamua kwa niaba yake. Hapo ndipo unasikia wagonjwa wakisema "goti linaniachia", yaani anatembea na ghafla linakunja lenyewe. Msuli usiotumika unanywea. Msuli ukinywea kishindo kinaongezeka, maumivu yanaongezeka, na msuli unazimwa zaidi. Nilipima mapaja ya mama mkubwa kwa utepe wa fundi cherehani, juu kidogo ya goti: la upande unaouma zaidi lilikuwa jembamba kwa sentimita mbili na nusu. Alilitazama kwa muda, akalifunika na khanga.

Mduara huo dawa za maumivu peke yake haziuvunji. Zinatuliza, na zina nafasi yake, lakini haziongezi nguvu hata kidogo. Na diklofenaki inayonunuliwa dukani kila wiki bila cheti inaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha, hasa kwa wazee ambao tayari wana presha. Ndiyo maana miongozo mikubwa ya tiba inaweka mazoezi mwanzoni. NICE, chombo kinachoandika miongozo ya matibabu nchini Uingereza, kilitoa mwongozo wake mwaka 2022 kikitaka kila mwenye osteoathritisi apewe mazoezi yanayomfaa, yakiwemo ya kuimarisha misuli. Chama cha madaktari wa viungo cha Marekani kilikuwa kimeyapendekeza kwa nguvu mwaka 2019.

"Mimi nalima, mazoezi gani tena?"

Sasa swali la mama mkubwa, ambalo naona ndilo kiini cha mkanganyiko wote. Mwanamke anayeamka saa kumi na moja, anayebeba ndoo ya lita 20, anayelima uwele hadi jua la saa sita, anaambiwa na mtu aliyekaa kwenye kiti kwamba afanye mazoezi. Ana haki ya kukasirika.

Lakini kazi na zoezi ni vitu viwili. Anayelima kwa jembe la mkono ameinama kiunoni, magoti yamekunjwa kidogo tu, mgongo na mikono ndiyo inayofanya kazi kubwa. Anarudia mkao uleule kwa saa nne, mzigo uleule, mwaka hadi mwaka. Mwili umeshauzoea, hauna sababu ya kujenga msuli mpya. Na kazi haimuulizi goti lake limeamkaje. Mvua zikija lazima shamba lilimwe, liume lisiume.

Zoezi linachagua msuli mmoja au miwili, linaupa mzigo mzito kidogo kuliko uliozoea, mara chache, kisha linaupumzisha siku moja ujijenge, halafu linaongeza. Mvua za hapa tunazijua, zinashuka zote alasiri moja, zinajaza korongo na kupita, na kesho yake ardhi imepasuka. Mkulima wa zabibu mwenye umwagiliaji wa matone anatoa maji kidogo, palepale kwenye shina, siku kwa siku. Kazi za shamba ni ile mvua. Zoezi ni yale matone. Nilipomweleza hivyo mama mkubwa alikaa kimya, kisha akauliza, "Haya, shina langu liko wapi?" Nikamgusa juu ya goti.

Kwa mtumishi anayekaa ofisini kutwa hali ni tofauti: yeye hana mvua wala matone. Ila zoezi analohitaji ni lilelile.

Kiti, blanketi na khanga

Kama ungekuwa na nafasi ya zoezi moja tu, chukua hili la kukaa na kusimama. Nalieleza kwa urefu kwa sababu nimeona linavyokosewa.

Weka kiti imara, mgongo wake ukigusa ukuta kisiteleze. Kwa mama mkubwa tulitumia kiti cha plastiki na juu yake blanketi mbili zilizokunjwa, kwa sababu kadiri kiti kinavyokuwa juu ndivyo goti linavyobeba kidogo. Kaa karibu na ukingo. Vuta nyayo nyuma kidogo ya magoti, miguu iachane upana wa nyonga. Inamisha kifua mbele mpaka pua ifike usawa wa vidole vya miguu. Wengi hujaribu kusimama mgongo ukiwa wima, ndiyo maana wanashindwa na kujisukuma kwa mikono. Kisha sukuma ardhi kwa visigino na usimame wima kabisa, ukaze makalio.

Sasa kushuka. Jioni ya kwanza mama mkubwa alishuka kama gunia linaloshushwa kwenye fuso. Hapo nusu ya zoezi imepotea, maana kushuka polepole ndiko kunakofundisha shokapu kazi yake. Hesabu moja, mbili, tatu, ndipo makalio yaguse kiti. Jambo la pili tuliloliona ni magoti kuangukia ndani, yakitaka kugusana. Tulifunga khanga kuzunguka mapaja, juu kidogo ya magoti, isibane sana, nikamwambia asukume khanga kwa nje muda wote. Magoti yakanyooka, yakaelekea kwenye kidole cha pili cha mguu, na alisema palepale kwamba maumivu ya mbele ya goti yamepungua. Siyo kila mtu atasikia nafuu hiyo papo hapo, ila jaribu.

Anza na mara tano, pumzika dakika moja, rudia mpaka mizunguko mitatu. Mara mbili za mwisho za kila mzunguko ziwe ngumu kweli. Zikiwa rahisi hujengi kitu. Ukiweza kufanya kumi bila shida, ondoa blanketi moja. Kisha ya pili. Baada ya hapo tafuta kiti kifupi zaidi, na mwisho kigoda. Fanya siku tatu kwa wiki, ukiacha siku katikati.

Ambaye goti lake linauma kiasi kwamba hata kiti cha juu ni shida, aanzie chini. Kaa mkekani mguu umenyooka, weka taulo lililokunjwa chini ya goti, libonyeze chini kwa kukaza paja, hesabu hadi tano, legeza. Kumi. Hili linaweza kufanywa kila siku, hata kitandani kabla ya kuamka. Ukilizoea, nyoosha mguu, kaza paja, inua kisigino kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye mkeka, tulia kidogo, shusha polepole. Ukikaa kitini unaweza kufunga kilo moja ya chumvi au mchanga kwenye kifundo cha mguu na kunyoosha goti taratibu.

Makalio yasisahaulike, kwa kuwa ndiyo yanayozuia goti lisiangukie ndani: lala chali, kunja magoti, nyayo chini, inua kiuno mpaka mwili unyooke kutoka mabega hadi magotini, shusha. Shavu la mguu ni rahisi: shika ukuta, inuka kwa vidole, shuka polepole. Na ukishapata nguvu, panda na kushuka kwenye kibaraza au tofali lililokaa imara, ukitanguliza mguu unaouma kupanda, na kuushusha mwili taratibu kwa mguu huohuo.

Maumivu kiasi gani ni sawa

Hapa ndipo watu wengi huacha. Siku ya tatu goti linauma zaidi, mtu anasema "mazoezi yamenimaliza". Maumivu kidogo mwanzoni ni ya kawaida, na mwongozo wa NICE niliotaja unataka mgonjwa aambiwe hivyo mapema. Wataalamu wengi hutumia kipimo cha sifuri hadi kumi, sifuri ikiwa hakuna maumivu na kumi yale yasiyovumilika. Hadi tatu, endelea. Nne na tano, endelea kwa uangalifu. Yakizidi tano, punguza: kiti kiwe juu zaidi, marudio yawe machache. Kisha angalia kesho yake muda kama ule. Kama goti limerudi kwenye maumivu yake ya kawaida na halijavimba, kipimo kilikuwa sawa. Kama bado linalia, ulizidisha, punguza, usiache.

Tarajia mabadiliko baada ya wiki sita hadi kumi na mbili. Wiki za kwanza nguvu inaongezeka kwa sababu neva zinajifunza kuuamsha msuli. Msuli wenyewe kunenepa huja baadaye. Ukiacha, nguvu inaondoka.

Kuna kipimo cha kujipima mwenyewe. Kaa kwenye kiti cha kawaida, kunja mikono kifuani, mtu ashike saa, hesabu unasimama mara ngapi kwa sekunde 30. Kwa kipimo kinachotumiwa Marekani kwa wazee, mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akipata chini ya 12, na mwanaume wa umri huo chini ya 14, miguu yake iko chini ya wastani. Mama mkubwa siku ya kwanza alipata nne.

Mambo mengine yanayosemwa

Goti kulia kwa kukwaruza bila maumivu si dalili ya kuharibika. Magoti mengi mazima yanalia. Picha ya eksirei nayo isikutishe: kuna watu wenye picha mbaya wanaocheza ngoma usiku kucha, na wenye picha safi wasioweza kuchuchumaa. Kukimbia kwa kiasi hakujaonekana kusaga magoti ya watu wa kawaida. Uzito una maana kubwa: utafiti kwa watu wazima wanene wenye osteoathritisi ulionyesha kila kilo moja iliyopungua mwilini iliondoa kama kilo nne za mzigo kwenye goti katika kila hatua. Fimbo ya kutembelea ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima, sio upande unaouma. Karibu kila mzee ninayemwona anaishika kinyume. Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ndani ya goti hutuliza kwa wiki kadhaa, na muda huo ndio wa kutumia kujenga msuli.

Choo cha kuchuchumaa kinastahili neno lake. Kuchuchumaa kabisa kunabana sana kilegesambwa, na kwa kaya nyingi hakuna namna ya kukwepa. Kwa muda, fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu, au mkapigilia mti imara ukutani wa kushika. Wanaoswali wanaweza kuswali wakiwa kitini wakati goti limewaka, kisha warudi chini kidogo kidogo.

Nenda hospitali bila kusubiri ikiwa goti limevimba ghafla, jekundu, la moto, na una homa. Ikiwa umeanguka na huwezi kukanyaga. Ikiwa goti limejifunga halinyooki. Ikiwa shavu la mguu mmoja limevimba na linauma. Ikiwa maumivu hayakuachi usiku na unakonda. Au ikiwa ni mtoto anayechechemea. Hayo si ya mazoezi ya nyumbani. Na hata kwa goti la kawaida, hospitali za rufaa za hapa Dodoma zina vitengo vya fiziotherapia. Daktari akisema "fanya mazoezi", mwombe akuandikie uende huko, na ukifika omba uonyeshwe kwa vitendo, kisha ufanye mbele ya mtaalamu akurekebishe.

Mama mkubwa sasa ameondoa blanketi zote mbili. Wiki iliyopita alifika tisa kwa sekunde 30. Kigoda bado kinamshinda, na chooni bado anashika mti. Khanga ya mazoezi anaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na wajukuu wamekatazwa kuigusa.